Mgongo wa kuli wa korosho: nani abebe mzigo wa ushahidi?

Msimu wa korosho unapofunguliwa Oktoba, maghala ya Mtwara, Masasi na Lindi hujaa makuli. Gunia moja lina kilo zipatazo 80. Lori la tani 30 hubeba magunia kama 375. Wakilishusha makuli wanane, kila mmoja amebeba karibu tani nne kabla lori la pili halijafika. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 lilitaja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo kwa mwanamume mzima.

Kuli akivunjwa mguu na rundo lililoporomoka, madai yake hayana utata mkubwa. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, mwajiri anapaswa kuripoti ajali kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ndani ya siku 7. Mchango wa Mfuko ni wa mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi kitu. Ugomvi huanza pale mgongo au goti linapochakaa kidogokidogo, msimu hadi msimu, na hakuna siku inayoweza kuitwa siku ya ajali.

Wanaosita kulipa wana hoja nzito. Pingili za mgongo huchakaa kwa umri: tafiti za picha za uti wa mgongo zimeonyesha uchakavu kwa takriban theluthi mbili ya watu wa miaka 40 wasio na maumivu yoyote. Kuli huyohuyo msimu ukiisha hushika jembe au hubeba matofali, kwa hiyo picha ya uti wa mgongo haiwezi kusema ni kazi ipi iliyomuumiza. Hata orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 2010 inataja goti, kiwiko na kifundo cha mkono, lakini mgongo haukutajwa kwa jina. Unaingia kwenye kipengele cha jumla, kinachodai uhusiano na kazi uthibitishwe.

Sawa, uthibitishwe. Lakini kumdai mbebaji ushahidi huo ni kumwonea, kwa sababu haumo mikononi mwake. Kuli hulipwa kwa gunia, kwa hiyo karani wa ghala huandika kila siku nani amebeba mangapi. Daftari hilo likitunzwa kwa miaka, linaeleza uzito aliobeba mtu kuliko picha yoyote ya hospitali. Kwa kawaida likishamaliza kazi ya malipo halihifadhiwi, na kibarua asiyeonekana kwenye orodha ya mishahara hujikuta akithibitisha kwanza kwamba aliajiriwa, na nani: ghala, chama cha msingi cha ushirika, mnunuzi au nyapara? Hapo ndipo madai mengi yanaweza kufia, kabla daktari hajaulizwa neno. Ghala linaloandika magunia kwa ajili ya pesa litakiwe kuyahifadhi kwa ajili ya afya pia, pamoja na matokeo ya upimaji wa afya wa kabla ya kazi, unaoonyesha mgongo ulikuwaje siku ya kwanza.

Kwa kuli mwenyewe, dawa ya maumivu ya dukani haiachi kumbukumbu yoyote. Akifika zahanati au hospitali ya Ligula mjini Mtwara, amtajie mganga kazi yake, uzito wa gunia na misimu aliyobeba, na ahakikishe vimeandikwa. Cheti kinachosema "maumivu ya mgongo" tu hakimsaidii. Ganzi ya mapajani au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura: aende hospitali siku hiyohiyo, madai yafuate baadaye.