Runinga na pochi ndani ya simu moja

Ikija mada ya jinsi teknolojia ilivyobadilisha maisha yetu Afrika Mashariki, mazungumzo hugawanyika mapema. Wapo wanaosema tumefunguka macho, wapo wanaosema tumeharibikiwa, na pande zote mbili hubishana kuhusu skrini: zamani ilikuwa moja ya watu wengi, leo kila mtu ana yake mkononi. Hilo ni kweli, ila nadhani uzito uko kwingine. Kati ya 2009 na 2019, kilichogeuza siku ya mtu wa kawaida Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ni burudani na pesa kuhamia kwenye kifaa kimoja. Kabla ya hapo, kutazama na kulipa yalikuwa mambo mawili, na katikati palikuwa na hatua za kutembea. Hatua hizo zilipoondoka tulipata mengi sana, na tukapoteza kinga ambayo hatukujua kuwa tunayo.

Mambo hayo mawili yalikuja kila moja kwa njia yake. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, na lengo lake lilikuwa kumtumia mama hela kijijini. Mkongo wa baharini wa SEACOM ukawashwa Julai 2009 na kutuunganisha na dunia kwa njia ya fiba, baada ya miaka mingi ya kutegemea setilaiti iliyokuwa ghali na ya kusuasua. Wakati huo aliyeshangilia intaneti hakuwa akifikiria pesa, na aliyeshangilia kutuma pesa hakuwa akifikiria sinema.

Burudani ya mtaani mwaka 2009 ilikuwa na mlango. Kibanda umiza, yaani banda la kuonyesha mpira na filamu kwa kiingilio, cha Manzese au Mbagala kilikuwa na kuta za mabati, mabenchi ya mbao, feni moja inayozungusha joto lilelile, na nje ubao wa chaki wenye majina ya timu, saa ya mechi na kiingilio. Unatoa sarafu mlangoni, unabanana na wenzako, mpira unaisha, unatoka. Siku zisizo na mpira zilipigwa filamu za Kihindi, za kareti na za Marekani zilizotafsiriwa na watu kama Lufufu, ambaye alisimulia, akaeleza, akaongeza na maoni yake, na mtu asiyejua neno la Kiingereza akatoka ameielewa hadithi yote. Ukiishiwa hela, mwisho wako ulikuwa kuchungulia kwenye tundu la bati mpaka ufukuzwe. Hapakuwa na namna ya kutumia shilingi ambayo huna.

Nawaelewa wanaoukumbuka wakati huo kwa hamu, lakini mara nyingi wanaokumbuka ni wanaume. Mlango ule haukuwa wa kila mtu. Binti aliyeonekana akitoka kibanda umiza saa tatu usiku alisemwa mtaa mzima. Mama wa nyumbani alitazama kilichowekwa na mwenye runinga, na mwenye runinga akitaka taarifa ya habari, tamthilia imekwisha. Kwa wasichana wengi simu yenye intaneti ilikuwa mara ya kwanza kuchagua wenyewe cha kutazama bila kuomba ruhusa ya mtu. Hoja yoyote ya kusifia zamani isiyoanza na jambo hili naiona pungufu.

Kati ya kibanda na simu janja palikuwa na kipindi kifupi ambacho watu wanakisahau: enzi ya memori kadi. Kila kituo cha daladala kilikuwa na kijana mwenye kompyuta iliyofunikwa kitambaa kuzuia vumbi na spika mbili zilizoelekezwa barabarani. Unampa kadi yako, anaichomeka, anafungua mafolda: Bongo Fleva mpya, Taarabu, Rhumba, Gospo, Singeli. Unaonyesha kwa kidole, anaburuta, unalipa kwa wimbo au kwa kuijaza kadi nzima. Msanii hakupata kitu, hilo ni wizi na hakuna haja ya kulipamba. Lakini ukishaondoka pale, nyimbo zilikuwa zako. Ulizisikiliza mara mia, ukamrushia rafiki kwa Bluetooth, na hakuna aliyekukata senti nyingine. Vijana wale walipopoteza kazi yao hakuna aliyewaandikia hata mstari.

Filamu zetu zilipita njia inayofanana. Bongo Movie ilikua kwa DVD zilizopangwa Kariakoo na kuuzwa mpaka Bujumbura na Lubumbashi. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliofurika kumzika Kinondoni ulionyesha jinsi sanaa hiyo ilivyokuwa imeingia kwenye nyumba za watu. Ila biashara yenyewe ilikuwa dhaifu: mtayarishaji aliuza haki kwa msambazaji kwa mkupuo mmoja, na muda mfupi baadaye kopi za kuchoma zilikuwa mtaani. Soko la DVD lilipokufa, halikuuawa na simu peke yake. Lilikuwa limeshaoza ndani.

Kisha ikaja kuzimwa kwa runinga ya analojia. Dar es Salaam ilizima mitambo hiyo usiku wa 31 Desemba 2012, kabla ya miji mingine nchini. Antena iliyofungwa juu ya mti ikabaki mapambo, na kila nyumba ikahitaji king'amuzi. Faida ilionekana: picha safi, chaneli nyingi, na Azam TV iliyoanza kurusha mwishoni mwa 2013 ikaleta Ligi Kuu moja kwa moja, hivyo shabiki wa Songea akaiona Simba na Yanga kwa macho badala ya kuisikia redioni. Lakini hapo ndipo runinga ilipoanza kuwa na mita. Zamani ukishanunua seti, umemaliza. Sasa kuna kifurushi cha mwezi, na mwezi ukiisha skrini inakuandikia kwamba huna haki ya kutazama. Agosti 2018 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliagiza Azam, DStv na Zuku ziache kubeba chaneli za ndani ambazo kisheria ni za bure, kwa sababu leseni zao hazikuruhusu. Kanuni ilikuwa na mantiki: chaneli ya bure isifungwe nyuma ya malipo. Kwa mwananchi mwenye king'amuzi kimoja, hata hivyo, matokeo yalikuwa kuwa ITV imetoweka kwake na anaambiwa atafute king'amuzi cha pili.

Kwenye muziki mizani inaegemea upande wa faida, na hapa sina kigugumizi. Msanii wa 2009 alikuwa chini ya huruma ya watangazaji wachache wa redio. Wimbo usipopigwa, haupo. Miaka kumi baadaye kijana wa Tandale, Diamond Platnumz, alikuwa na lebo yake, redio yake na televisheni yake, na kufikia katikati ya 2020 chaneli yake ya YouTube ilikuwa imepita kutazamwa mara bilioni 1. Singeli, muziki ambao vyombo vikubwa viliuona wa kihuni, ulitoka uswahilini Dar na kufika kwenye matamasha ya Ulaya. Mtanzania aliyeko Muscat au Minneapolis anauona wimbo dakika ileile na aliyeko Temeke. Hayo yasingetokea bila fiba na simu za bei nafuu. Nakiri pia kwamba wanaofaidi ni wachache: tangazo linaloonyeshwa kwa mtazamaji wa Tandahimba hulipiwa kidogo sana kuliko la mtazamaji wa London, kwa hiyo msanii wa kati mwenye mashabiki wa nyumbani tu bado anaishi kwa shoo na mialiko ya harusi. Hata hivyo hamtegemei tena mtangazaji mmoja, na hiyo ni hatua kubwa.

Sasa nije kwenye kinachoniuma.

Tarehe 13 Julai 2017 Everton ya Uingereza ilicheza na Gor Mahia ya Kenya Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Wayne Rooney alifunga kwa shuti la mbali na mechi ikaisha 2–1. Kwa watu waliokua wakimwona Rooney kupitia kioo cha kibanda umiza, siku ile ilikuwa ndoto. Aliyetuletea ndoto hiyo ni SportPesa, kampuni ya kubeti iliyoanza Kenya mwaka 2014, ikaingia Tanzania 2017 na kuzidhamini Simba na Yanga kwa pamoja. Hapo ndipo runinga na pochi vilipokutana waziwazi.

Kaa kijiwe cha bodaboda Jumamosi saa kumi jioni, kabla ya mechi za Uingereza kuanza. Vijana wako kwenye pikipiki zao, vichwa vimeinama, wanatengeneza mikeka, yaani mechi kadhaa zinazobashiriwa kwa dau moja. Dau ni dogo, halimtishi mtu. Mmoja amechanganya ligi ya Uingereza na daraja la pili la Uswidi, timu ambazo hajawahi kuona zikicheza hata dakika moja. Mechi ya mwisho ikichana mkeka, hana haja ya kwenda popote: salio lipo kwenye simu hiyohiyo, na likiisha, mkopo nao upo humohumo. M-Shwari ilianza Kenya Novemba 2012, M-Pawa ikaja Tanzania 2014, na Januari 2019 Safaricom ikaleta Fuliza, inayokukopesha pale unapokuwa katikati ya kulipa na salio halitoshi. Simu ya kutazama matokeo ni hiyohiyo, na namba ya siri ni ileile kwa kulipia dau na kukopa. Mwenye kibanda umiza alikuwa na kiingilio kimoja na mlango mmoja. Hakuna siku alimkopesha mteja wake hela ya kuchezea kamari akiwa bado amekaa kwenye benchi.

Wanaotetea kubeti wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Mtu mzima ana haki ya kutumia jasho lake anavyotaka. Klabu zetu zilizoea kuishi kwa hisani ya matajiri, na udhamini huo ulilipa mishahara. Serikali nazo zilipata kodi. Lakini Kenya ilionyesha upande wa pili: serikali ilipobanana na kampuni hizo kuhusu kodi mwaka 2019, SportPesa ilisitisha udhamini wake na kufunga biashara yake nchini mwaka huohuo, na Gor Mahia na AFC Leopards zikaachwa zikihangaikia nauli. Klabu zilijengwa juu ya hela ya mashabiki waliopoteza madau, na hela hiyo ilipokatika kilichobaki ni madeni ya mashabiki na madeni ya klabu. Haki ya mtu mzima naiheshimu, ila haki inahitaji nafasi ya kufikiri, na mfumo huu umeundwa ili nafasi hiyo isiwepo.

Serikali ziliuona mkutano huo wa runinga na pochi, na nyingi ziliuona kama sehemu ya kuchotea. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetaka kufungua WhatsApp, Facebook au Twitter, ikilipwa kwa pesa ya simu, wakati uleule ilipoweka kodi kwenye miamala ya simu. Watu wakakimbilia VPN, programu zinazoficha unachofungua mtandaoni, na mwaka 2021 kodi hiyo ikafutwa na nafasi yake ikachukuliwa na asilimia 12 juu ya bando. Tanzania mwaka huohuo wa 2018 ilileta kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu au runinga ya mtandaoni kulipa ada zinazozidi shilingi milioni 2. Kijana mwenye kamera moja anayerekodi vichekesho Mbeya akawekwa kwenye mstari wa leseni, huku tangazo la kubeti likipita redioni asubuhi watoto wanapovaa sare za shule. Mpangilio huo wa vipaumbele sijaweza kuukubali mpaka leo.

Kwa hiyo sitaki kurudi 2009. Sitaki binti arudi kuomba ruhusa ya kutazama, wala msanii arudi kumpigia mtangazaji magoti. Ninachotaka kirudi ni ule umbali kati ya kutazama na kulipa, walau kwenye kubeti. Mkopo wa simu usiweze kuhamia kwenye akaunti ya kubeti siku uliyoingia. Mtu akituma ujumbe mmoja kwamba ajifungie miezi sita, afungiwe kweli, kwenye kampuni zote. Kiufundi hili linawezekana, maana mitandao ya simu inaijua namba ya malipo ya kila kampuni ya kubeti na inajua mkopo uliingia saa ngapi. Kikwazo ni kwamba Tanzania leseni ya kubeti inatoka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, pesa za simu na mikopo viko chini ya Benki Kuu, na utangazaji na mawasiliano viko TCRA. Taasisi tatu, kila moja na kanuni zake, zinamsimamia yule kijana wa bodaboda mwenye simu moja na namba moja ya siri. Zinapaswa kukaa meza moja na kuandika kanuni moja, na sisi wapiga kura tuwaulize wabunge wetu kwa nini bado hazijafanya hivyo.