Betri kavu nayo inahitaji matundu

Matela ya kuuzia chakula yameenea mijini, Dar es Salaam hadi Mombasa, na mengine yanatumia sola: paneli juu ya paa, betri kavu mbili tatu chini ya benchi, inveta pembeni yake. Kinachonitia hofu ni jinsi sehemu ya betri inavyozibwa kwa plaiwudi na silikoni mpaka hewa haipiti. Ukimuuliza fundi anakujibu, "Hizi ni kavu, hazitoi gesi."

Zinatoa. Betri kavu ya risasi, iwe AGM au ya jeli, ina asidi kama betri ya maji, ila imenyonywa na nyuzi za kioo au imegandishwa. Ikichajiwa kwa kiasi, gesi inayotokea ndani karibu yote hurudi kuwa maji. Chaji ikizidi, presha hupanda, vali hufunguka na hidrojeni hutoka. Mtengenezaji aliweka vali hiyo kwa sababu anajua siku hiyo inaweza kufika.

Tupige hesabu. Ampea moja ya ziada ikipita kwa saa moja huzalisha takriban lita 0.42 za hidrojeni katika kila seli, na betri ya volti 12 ina seli 6. Chaja iliyoharibika ikisukuma ampea 10 za ziada na gesi yote ikatoka, hizo ni lita 25 kwa saa. Boksi la lita 300 linahitaji lita 12 tu kufikia asilimia 4, kiwango ambacho hidrojeni huanza kushika moto. Haifiki nusu saa. Halafu inveta imo humohumo, na swichi zake zinazoweza kutoa cheche.

Joto la pwani linaharakisha mambo. Betri hizi hupimwa kwa nyuzi joto 25 za Selsiasi. Kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake karibu nusu, na tela la bati likikaa juani mchana kutwa, ndani mwake ni tanuri. Volti ya kuchajia nayo inapaswa kushushwa kadiri joto linavyopanda. Volti 14.4 inayofaa kwenye nyuzi 25 huwa karibu 13.9 kwenye nyuzi 45. Kontrola, yaani kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli, ikiwa na sensa ya joto hufanya kazi hiyo yenyewe, mradi sensa ibandikwe kwenye betri na kontrola isiachwe kwenye mpangilio wa betri za maji.

Mimi nasema fundi asikabidhi tela lisilo na matundu mawili: moja chini, la kuingiza hewa, na jingine mahali pa juu kabisa pa boksi, kwa sababu hidrojeni ni nyepesi kuliko hewa mara 14. Yote mawili yatoke nje ya tela, na upande wa ndani uzibwe vizuri ili gesi isiwafikie wapishi. Hofu ya vumbi naielewa. Weka wavu na kikinga, usizibe. Inveta, fyuzi na swichi zikae chumba kingine.

Tena kuna mtungi wa gesi ya kupikia. Gesi hiyo ni nzito, hushuka sakafuni, kwa hiyo tundu la chini la betri likiwa karibu na mtungi litaikaribisha ndani. Mtungi ukae upande wa pili, na tundu lake la sakafuni.

Ukisikia harufu ya yai bovu wakati wa kuchaji, betri imezidiwa na inatoa gesi yenye sumu. Usiwashe wala kuzima chochote cha umeme ndani. Zima jiko kama mkono wako uko karibu, watu watoke, milango ibaki wazi, paneli zifunikwe turubai. Betri hiyo isirudishwe kazini, hata kama bado inashika chaji.