Flashi Ikishapanda Meli

Mwaka jana nilipanda meli ya Mwanza kwenda Nansio, Ukerewe, nikiwa na flashi sita mfukoni. Ndani yake mlikuwa na chumba kizima cha kompyuta cha shule moja ya sekondari: mfumo endeshi wa Debian, LibreOffice ya kuandikia, masomo ya Kolibri na Wikipedia ya Kiswahili ya kusomea ndani ya Kiwix, programu mbili zinazofanya kazi bila intaneti. Mashine zilikuwa 20, zote mitumba, na shule haina intaneti.

Mjini nilikuwa nimejaribu kila kitu, kikakubali. Kule mashine ya kwanza ikagoma. Ilidai programu nilizoleta zimesainiwa tarehe ambayo bado haijafika. Nikatazama saa yake: mwaka 2011. Kale kabetri ka bodi kanakotunza saa, CR2032, kalishakufa zamani, na kompyuta isiyo na mtandao haina pa kuulizia leo ni tarehe ngapi.

Mafundi wengi wanaopenda kuandaa kila kitu mapema wangesema kosa langu ni kutobeba imeji moja iliyokamilika, yaani nakala ya diski nzima yenye kila kitu, ya kumwaga kwenye mashine na kuondoka. Hoja yao ina uzito. Ukipiga imeji, mashine 20 zinaisha kwa siku moja, na zote zinafanana. Ukitegemea bando, kila mashine ikipakua GB 3, umelipia GB 60 za faili zilezile. Tena kuchelewa kuna faida yake. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa mkupuo. Sasisho linalosafiri kwa meli huwa limeshawaumiza wengine kwanza.

Ila imeji inagandisha kila kitu, pamoja na makosa. Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu la Windows Machi 2017, kirusi cha WannaCry kikaja Mei na kuwakuta ambao hawajakiweka. Utasema mashine zetu haziko mtandaoni. Stuxnet, kirusi kilichogunduliwa 2010, iliingia kwenye mitambo ya nyuklia ya Natanz, Iran, ambayo nayo haikuwa mtandaoni. Inaaminika ilipitia flashi. Na flashi za shuleni zinatoka wapi? Stationery, kwenye kibanda cha muvi, kwa mwalimu anayechapisha mtihani. Halafu mitumba haifanani: imeji iliyotengenezwa kwenye HP inaweza kuwaka kwenye Dell ikakosa sauti, au isiwake kabisa.

Wapo wanaosema tusubiri tu, mtandao unakuja; Starlink, intaneti ya setilaiti, iko Kenya tangu Julai 2023. Sawa, ila kuna bili ya kila mwezi, na hata ikilipwa sioni sababu ya mashine 20 kuvuta faili moja mara 20.

Mimi naona kuandaa mapema hakuna ubaya. Tatizo ni kuandaa kana kwamba mashine ya kule unaijua na safari ni ya kwenda tu. Siku hizi imeji nimeiacha. Nabeba kisakinishi, ghala la programu, na hati fupi ya amri (script) inayokagua saa kwanza, kisha nafasi ya diski, kisha inalinganisha alama za SHA-256, ambazo ni kama alama za vidole za faili, kuona kama kuna faili iliyoharibika njiani. Ni kazi ya polepole, siwezi kudanganya. Mashine 20 zinakula siku mbili. Na flashi siziachi kwenye FAT32, mpangilio wa faili ambao flashi nyingi huja nao, maana haupokei faili moja inayozidi GB 4. Hilo nalo nililijulia njiani, si darasani.

Kinachobaki kigumu ni taarifa za kurudi. Safari ya pili nilibeba betri 20 na flashi ya saba, tupu, ambayo kila mashine inaiandikia kilichokubali na kilichogoma. Nikamkabidhi mwalimu wa kompyuta, nikamwomba kila mwisho wa muhula aipitishe kwenye mashine zote, kisha anitumie kwa mtu wa meli.

Akaigeuzageuza mkononi. "Sawa, fundi. Na huyo mtu wa meli, hela yake anatoa nani?"

Bajeti ya mradi ilikuwa na kifungu cha usafirishaji wa vifaa kwenda shuleni. Cha kurudi hakikuwemo.