Mtafiti wa Unguja hana uhaba wa watu

Wenzangu wengi mikataba yao ya utafiti ikimalizika, hukimbilia kuurefusha wasifu. Machapisho yote, makongamano yote, hadi ukurasa wa nane. Kisha huutuma kwa wasiowajua na kungoja. Naona wanaanzia kusiko.

Mtu aliyetafiti mwani kwa miaka ameshapita kwa masheha na kibali chake mkononi. Amekaa na akina mama wa Paje na Jambiani wakati wa bamvua, amebishana na wanunuzi kuhusu bei, amewasumbua maofisa wa uvuvi. Anajua kwa nini mwani aina ya kotonii hufa bahari ikipata joto, na kwa nini wakulima wamebaki na aina nyingine, spinosamu, ingawa bei yake ni ndogo. Muulize anajuana na nani, atakutajia profesa wake na wale alioandika nao makala.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti kuhusu watu waliopata kazi kupitia wanaowajua. Waliosaidiwa na mtu wanayeonana naye mara kwa mara hawakufika asilimia 17. Waliobaki walisaidiwa na watu wa kuonana nao mara moja moja au kwa nadra. Si ajabu. Wa karibu yako husikia yale yale unayoyasikia wewe. Profesa anajua nafasi za chuo. Mnunuzi wa mwani anajua nani anataka kufungua kiwanda cha sabuni.

Najua hapa kwetu ukisema umepata kazi kupitia fulani, baraza zima linamfikiria mjomba wizarani. Hofu hiyo ina msingi. Lakini mjomba hajawahi kukuona kazini. Sheha uliyemrudia na majibu ya utafiti amekuona.

Na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea adabu: tunachukua data, tunapotea. Andika majibu yako kwa kurasa mbili za Kiswahili, uzipeleke kwa sheha, kikundi cha mwani, ofisa wa uvuvi, hata meneja wa hoteli uliyemhoji. Mwambie kila mmoja unatafuta kazi gani. Kichwa cha tasnifu kiache nyumbani. Sema unaweza kupima maji, kuhoji kijiji kizima na kukabidhi ripoti kwa wakati. (Hilo la mwisho watalitilia shaka.)

Makongamano nayo nenda. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa ukanda wetu, makao yake yako hapa hapa Zanzibar. Ila wakati wa chakula usikae na uliosoma nao.