Sufuria iko mbele ya macho yako
Kuna mwandishi anasema mgeni akifika Mbeya ni salama zaidi kula kwenye mgahawa wenye matawi mikoa mingi, kwa sababu chakula chake kinafanana kila mahali. Kufanana sawa, usalama nakataa. Kwa mama lishe wa Mwanjelwa au Kabwe sufuria iko mbele ya macho yako: unaona maharage yanachemka, ndizi za Tukuyu zinamenywa, na wateja ni wengi kiasi kwamba saa nane mchana chakula kimeisha, hakuna kiporo cha kuuziwa kesho. Kwenye mgahawa wa matawi jiko liko nyuma ya ukuta, na ukimuuliza mhudumu kuku ametoka wapi hana jibu. Halafu wali! Mchele wa Kyela unanukia kabla sahani haijafika mezani, na ukibahatika kupata samaki mbasa wa Ziwa Nyasa, hutatamani chipsi. Mgeni aangalie tu kama maji ya kunawa yanatiririka na chakula kinapakuliwa cha moto. Wenzangu wa Iringa, pale Ipogolo bado kuna mama lishe wanaopikia abiria, au wamebaki wauza chipsi?