Jani lile lile, daraja moja

Nilizaliwa Malaba, upande wa Uganda. Ukisimama darajani unaziona nchi mbili kwa wakati mmoja: foleni ya malori, wabeba mizigo, wabadilisha fedha na vibunda vyao, na wauza mirungi, jani la kutafuna ambalo Wakenya huliita miraa. Upande wa Kenya muuzaji ameketi mezani bila wasiwasi, vifungu vyake vimeviringishwa kwa majani ya mgomba visikauke, na serikali yake inaitambua miraa kama zao la kilimo. Vuka daraja, na jani lile lile, lililochumwa shamba lile lile alfajiri ile ile, ni kosa la jinai.

Mwaka huu mpwa wangu alikamatwa na kifungu kimoja mfukoni. Ana miaka 24, anaendesha boda, hajawahi kumwibia mtu wala kumpiga mtu. Dada yangu alinipigia saa nane za usiku kwa saa za huku, sauti imemkauka. "Kaka, wanataka laki tano kabla hawajampeleka mahakamani." Nilituma. Risiti hakuna, na aliyepokea hatumjui kwa jina. Tangu usiku ule jambo hili halijanitoka moyoni.

Mimi niko Kanada, Ontario, mwaka wa kumi na moja sasa, naendesha lori. Kabla ya kuja huku nilikuwa taniboi kwenye njia ya Mombasa na Kampala, na mirungi nimeitafuna. Naijua ladha yake chungu, na chingamu unayochanganya nayo shavuni ili uchungu upungue. Naujua pia ule mdomo mkavu, na kukosa hamu ya chakula hadi kesho yake. Dereva wangu alikuwa akitafuna usiku mbili mfululizo, maana tajiri alihesabu safari na wala si usingizi wa watu. Siku moja, tumeshaipita Bugiri, jani lilimwisha nguvu. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, ila yeye mwenyewe hakuwepo. Lori liliacha barabara taratibu likaingia kwenye shamba la mihogo. Tulitoka wazima. Nikisikia mtu anasema mirungi haina madhara yoyote, nalikumbuka shamba lile.

Lakini kilichotupeleka shambani kilikuwa nini hasa, jani au zile saa arobaini bila kulala? Huku ndani ya lori langu kuna kifaa kinachohesabu muda. Nikifikisha saa 13 za kuendesha kwa siku, naegesha, hata kama mzigo unasubiriwa. Na kwa sisi wa magari makubwa Ontario hairuhusu pombe wala bangi hata kidogo mwilini tukiwa kazini. Kwa hiyo sivuti, ingawa bangi ni halali hapa. Ni uamuzi wangu, nimeufanya macho makavu, kwa sababu najua ninachoendesha na ninapokwenda.

Jirani yangu ameamua vingine. Ni fundi bomba mstaafu, mgongo umemwisha kwa kazi. Bangi ilihalalishwa nchi nzima tarehe 17 Oktoba 2018, na yeye hununua ile ya peremende kwenye duka lenye leseni, ambako kijana wa chini ya miaka 19 haingii. Alinionyesha pakiti: haina picha za kuvutia, ina alama nyekundu ya onyo, maelezo ya afya kwenye kisanduku cha njano, na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua. Imeandikwa miligramu 10 za THC, kile kiini cha bangi kinacholevya, na hicho ndicho kikomo cha sheria kwa pakiti nzima ya bangi ya kula. Huikata kwa kisu cha jikoni vipande vinne juu ya kibao, anakula kipande kimoja saa mbili usiku, vitatu anavifungia kwenye droo kwa sababu wajukuu huja Jumamosi. Anajua kwamba iliyoliwa huchelewa kupanda, hata saa mbili, kwa hiyo haongezi. Amefanya hivyo miaka mitano. Wanawe wanajua, daktari wake anajua, na mimi najua.

Hicho ndicho ninachokitaka nyumbani: mtu mzima ajue anakula kiasi gani, na aweze kusema. Kuwa na kiasi si moyo mgumu peke yake. Utajizuiaje na kitu usichojua nguvu yake, ulichonunua gizani kwa mtu ambaye kesho humwoni?

Wala sisemi Kanada wamefaulu. Tangu 2016 zaidi ya watu 50,000 wamekufa hapa kwa dawa za jamii ya afyuni, wengi kwa fentanili ya mitaani, ambapo punje chache tu zinatosha kuua. Mwenzangu wa kazini hubeba dawa ya puani ya naloksoni, ya kumwokoa aliyezidisha afyuni, kwenye begi lake la chakula; famasi za Ontario huitoa bure. Ukiniuliza, vifo hivyo na vile vya Kabale, Uganda, mwaka 2010, waragi, pombe kali ya kwetu, iliyotiwa methanoli ilipoua makumi ya watu wetu, vina baba mmoja. Mtumiaji hakujua kilichomo. Wale wa Kabale waliamini wanakunywa waragi tu, kama jana yake.

Na kuna jambo huku linanihuzunisha kuliko sheria zozote. Jirani yangu anakula kipande chake peke yake, mlango umefungwa, televisheni inaongea. Pakiti imemwambia kila kitu, ila hakuna anayemtazama usoni.

Babu yangu alikuwa mtu wa malwa, pombe ya wimbi. Chungu katikati, wazee wamekizunguka kwenye viti vya chini, kila mmoja na mrija wake mrefu, na bibi anapita na birika la maji ya moto kuongeza. Mrija haushikwi kwa mkono wa kushoto. Hupulizi ndani. Husimami ukanywa. Aliyeanza kupandisha sauti alipigwa faini, na faini iliandikwa na mweka hazina kwenye daftari la mistari lililohifadhiwa chini ya godoro la mwenyekiti. Mzee akizidisha, mwenzake aliuchukua mrija wake polepole akauweka pembeni, bila neno, naye alielewa. Kadiri maji yalivyoongezwa pombe ilififia, hadi chungu chenyewe kinawaambia watu waende wakalale. Nililiona hilo nikiwa mtoto nikadhani ni ulevi tu. Leo nalihesabu kuwa elimu.

Ikaja waragi ya kaveera, yaani ya kipakiti cha plastiki. Unang'ata kona kwa meno, unamimina kooni, unatupa kaveera mtaroni, dakika moja imekwisha na hujakaa na mtu. Serikali iliipiga marufuku mwaka 2019 na ilifanya vizuri, nasema hivyo mimi ninayetetea uhuru wa mtu kuchagua. Kukiondoa kipimo kilichotengenezwa kiingie mfuko wa sare ya shule si kumnyima mtu mzima haki yake.

Kwa mirungi na bangi walifanya kingine. Mahakama ya Katiba ya Uganda iliifuta sheria ya dawa za kulevya Mei 2023, baada ya wakulima na wauzaji wa mirungi wa Wakiso kushtaki, kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, yaani bila idadi ya wabunge inayotakiwa. Miezi michache baadaye Bunge likaipitisha upya, na mwanzoni mwa 2024 ikaanza tena kuwa sheria, vifungo na faini juu yake. Wakati huo huo Kasese bangi imelimwa kwa leseni ya dawa, iende ikauzwe nje. Mgonjwa wa ng'ambo anaipata ikiwa na karatasi ya vipimo. Kijana wa kwetu Tororo anapata pingu. Ndugu zangu, hilo nimejaribu kulielewa nimeshindwa.

Mpwa wangu alitoka. Dada anasema ameacha mirungi kwa woga. Jioni sasa ananunua waragi, ile chupa ndogo ya plastiki, kwa sababu nayo hakamatwi, na anainywa amekaa juu ya boda yake nyuma ya nyumba. Nilimpigia nikamwomba, kama ni lazima anywe, aende kwenye chungu cha wajomba zake, akae na watu.

"Mjomba," akanijibu, "kule wananiuliza maswali mengi."