Mbuzi mzima anachukuliwa damu ya nini?

Mfugaji wa Bahi, Dodoma, ana haki ya kushangaa. Kuku wake wamekwisha kwa mdondo, ndama ana ndigana, halafu linakuja gari la watafiti kuomba damu ya mbuzi wasioumwa chochote. Wanatafuta Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza na watu, ambao wanawe hawajawahi kuuona. Wanajaza mirija, wanashukuru, wanaondoka.

Hoja yake, kwamba yatangulie magonjwa yanayoua leo, ni nzito, na wapo wataalamu wanaoiunga mkono. Fedha za utafiti ni chache. Mdondo ukiingia bandani unaweza usibakize kuku, na chanjo yake inayovumilia joto, ile ya tone moja jichoni, inatengenezwa hapa hapa nchini. Bado kuku wengi wa vijijini hawaipati. Atakayegundua njia nafuu ya kuifikisha kila baada ya miezi michache kwa mama mwenye kuku kumi kule Manyoni atakuwa ameokoa sare na madaftari ya watoto msimu huu huu. Sotoka ya mbuzi na kondoo nayo ipo. Tukipanga magonjwa kwa idadi ya wanyama wanaokufa mwaka huu, homa iliyolala haitakaa juu ya orodha.

Shida ni kwamba homa hii haipimiki kwa mwaka mmoja. Inaaminika kirusi chake hujificha ndani ya mayai ya mbu aina ya Aedes, mayai yanayoweza kukaa miaka kwenye udongo mkavu wa mabonde hadi mvua kubwa ituamishe maji. Ugonjwa ulilipuka Tanzania mwaka 1977, ukarudi na mvua za Elnino za 1997 na 1998, kisha 2007. Kila uliporudi, wengi waliokutana nao walikuwa hawaujui.

Mwaka huo wa 2007 Dodoma ndiyo iliyoumia kuliko mikoa mingine. Kitaifa walishukiwa kuugua watu 511, na 144 walifariki. Ila namba inayoninyima usingizi ni nyingine. Kati ya wagonjwa 309 waliothibitishwa au waliokaribia kuthibitika, 169 walikutwa pia na vimelea vya malaria. Zaidi ya nusu! Hebu ipeleke namba hiyo kwenye zahanati ya kijiji. Mchunga mbuzi kaja na homa, kipimo kimesoma malaria, kapewa dawa, karudi nyumbani. Tabibu hajakosea, malaria ipo kweli. Lakini jibu hilo sahihi limelifunika jingine, na hakuna atakayemuuliza kama wiki ile alishika mbuzi aliyetupa mimba, au kama alichinja ng'ombe aliyekuwa anakata roho. Hata angepimwa tena kesho yake, malaria ingeonekana tena.

Kwa binadamu homa hii mwanzoni inafanana na homa zote. Zizini ina sura yake: majike yanatupa mimba kwa mkupuo, vitoto vinakufa siku chache baada ya kuzaliwa. Ndiyo sababu ya kumchoma sindano yule mbuzi mzima. Kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza ukikutana na kirusi, zilizomo kwenye damu yake zinaonyesha kama kirusi kinapita kimyakimya, na ni katika bonde lipi, kabla ya zamu ya watu kufika.

Wengine husema tusubiri utabiri wa mvua kubwa, ndipo tuchanje. Mwaka 2006 tahadhari kutokana na picha za satelaiti ilitolewa kwa Afrika Mashariki, ikatangulia mlipuko kwa wiki chache tu. Wiki chache za kuagiza chanjo, kuisafirisha kwenye barabara zilizokatika, kuyafikia makundi yanayohama, na bado mnyama anahitaji muda wa kujenga kinga! Tena chanjo kongwe ya homa hii, iitwayo Smithburn, inaweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe, na ugonjwa ukishaingia, sindano moja ikipita kundi zima inaweza kuusambaza. Chanjo ipi, kwa mnyama yupi, ihifadhiwe wapi: hayo ni maswali ya kiangazi. Maji yakishafika magotini hakuna mtafiti atakayepata nafasi ya kuyajibu.

Ninapokubaliana kabisa na mfugaji wa Bahi ni kwenye ile mirija inayoondoka na majibu yasirudi. Damu ni ya mbuzi wake, na matokeo yamrudie kupitia kwa afisa mifugo wa kata, kwa lugha anayoielewa. Gari linaloifuata damu hiyo lina nafasi ya kasha la barafu lenye chanjo ya mdondo, wabebe. Na afisa mifugo awe na daftari la mimba zilizotoka, aliandike hata miaka ya kimya, na nakala yake ifike zahanati kila mwezi, mezani kwa yule anayesoma kipimo cha malaria.